Mgonjwa Haulizwi Uji, Huulizwa Kabila

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Aliyelala hoi mpe, usimsumbue kwa maswali. Lakini mgonjwa huyo huyo akilazwa katika hospitali ya kufundishia hapa Tanzania, ataulizwa mengi kabla uji haujafika. Mwanafunzi wa udaktari atavuta kiti, afungue daftari na kuanza kuchukua historia: jina, umri, makazi, kazi, ndoa. Halafu, bila kubadili sauti, kabila na dini. Asubuhi, wakati wa raundi, atasimama mbele ya daktari bingwa na kusoma: mama wa miaka 34, Msukuma, Muislamu, mkazi wa Buguruni, muuza samaki, amelazwa kwa homa na maumivu ya tumbo. Hakuna anayeshtuka, hata mama mwenyewe.

Jambo hili lingepaswa kutushangaza kidogo, kwa sababu katika sensa serikali iliacha kuuliza zamani. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuhesabu Watanzania kwa makabila na dini zao. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, nyumba zao na vyoo vyao, ila haikugusa swali hilo. Nchi yenye makabila zaidi ya 120, yenye Waislamu, Wakristo wa kila madhehebu, Wahindu na wanaofuata dini za jadi, imechagua kutojua kwa tarakimu nani ni nani. Hospitali bado inauliza.

Wengi wetu tukiguswa na mada hii hujibu kwa wimbo tuliouzoea: sisi ni nchi ya amani, hatuna ukabila wala udini, wodini wote ni ndugu. Si uongo, ila ni jibu la mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Aliyewahi kuuguza mtu wiki tatu anajua kwamba undugu wa wodini haushikiliwi na mioyo mizuri peke yake. Unashikiliwa na taratibu: lugha moja, rosta ya zamu, chungu kinachotoka nyumbani, mfuko wa damu usio na jina. Pale utaratibu unapolegea au vitu vinapokuwa haba, ndipo tofauti zinapochungulia. Kwa hiyo tukitaka kujua tunaishije pamoja hospitalini, tusitazame salamu za asubuhi. Tutazame sehemu zinazobana.

Kuta za kwanza

Hospitali zetu hazikuanza zikiwa za wote. Wajerumani walipojenga hospitali ya Ocean Road mwishoni mwa karne ya 19, upepo wa bahari ulikuwa wa Wazungu. Waafrika na Waasia walikuwa na hospitali yao upande mwingine wa mji, iliyobeba jina la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya India aliyefariki mwaka 1897 na kuacha mali nyingi kwa ajili ya shule na matibabu. Mwingereza aliirithi ramani hiyo na kuinyoosha: wodi zikapangwa kwa rangi kama vile mabehewa ya treni. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya kwa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru tuliiita Muhimbili. Ocean Road nayo leo ni taasisi ya saratani, na vitanda vyake vinapokea watu kutoka Kigoma hadi Mtwara.

Unguja mambo yalikwenda kwa jamii. Tajiri Tharia Topan alifadhili zahanati iliyo mbele ya bandari, jengo lenye baraza za mbao ambalo watalii hulipiga picha mpaka leo. Hospitali kuu ilibeba jina la familia ya Karimjee Jivanjee, baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapewa jina la Lenin, na sasa ni Mnazi Mmoja. Majina matatu ya jengo moja yanatosha kusimulia nani alikuwa na mkono mrefu wakati gani.

Bara, nje ya miji, aliyejenga alikuwa mmisionari. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Walutheri walishika Kilimanjaro, Waanglikana wa misheni ya UMCA wakashika Masasi na Zanzibar. Leader Stirling, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, alifika Lulindi katika miaka ya 1930 na kupasua wagonjwa katika majengo ya miti na udongo. Miaka 40 baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania huru.

Uhuru ulibomoa kuta za rangi kwa amri, na amri ilitosha. Ramani ya dini haikubomolewa, kwa sababu serikali changa haikuwa na cha kuweka mahali pake. Humo ndimo yalimo maswali mengi ya leo.

Nani mwenye kitanda

Palipokuwa na wilaya isiyo na hospitali ya serikali lakini yenye hospitali ya misheni, serikali ilichagua njia ya busara ya maskini. Iliingia mkataba na kanisa, ikasaidia mishahara na gharama za vitanda, na hospitali ile ikaitwa hospitali teule ya wilaya. Mmiliki alibaki kanisa. Kazi ikawa ya umma. Sheria ya mwaka 1977 ilipopiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, zile za dini ziliachwa ziendelee. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1991.

Bugando pale Mwanza ni mfano wa namna serikali na kanisa walivyopimana nguvu. Ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, ikarudishwa kanisani mwaka 1985 kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja. KCMC ya Moshi, ya Walutheri, ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1971. Leo mtu wa kanda ya ziwa anayepewa rufaa hupandishwa kilima cha Bugando, na wa kaskazini hupelekwa KCMC, awe anaswali au anasali.

Mwaka 1992 serikali ilitia saini hati ya maelewano na Jumuiya ya Kikristo na Baraza la Maaskofu Katoliki kuhusu huduma za jamii. Tangu hapo hati hiyo imekuwa mwiba. Waislamu wengi waliiona kama fedha ya walipa kodi wote kwenda mfuko wa dini moja, katika nchi ambayo serikali yake inasema haina dini. Serikali na makanisa hujibu kwamba kinacholipiwa ni huduma, na mgonjwa hataulizwa cheti cha ubatizo mlangoni.

Hoja zote mbili zina uzito, na kosa ni kuchukua moja na kuzika nyingine. Ni kweli kwamba hospitali hizi hazibagui mgonjwa mlangoni. Kusini, ambako Waislamu ni wengi, watoto kwa maelfu wamezaliwa mikononi mwa masista, chini ya msalaba ulioning'inia ukutani, na baba akainama kitandani kumwadhinia mwanawe sikioni bila mtu kumwinulia nyusi. Lakini ni kweli pia kwamba umiliki huzaa vitu vingine: chuo cha uuguzi kando ya wodi, ajira, tenda, nani anaketi kwenye bodi, jina la nani liko getini. Jamii ambayo haikupata wamisionari wa kuijengea hospitali wala shule za kuandaa wauguzi ilianza mbio ikiwa nyuma, na hilo si jambo la kusuluhishwa kwa maneno ya upendo. Aga Khan wana hospitali yao Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, Wahindu wana Hindu Mandal, Khoja Ithnaasheri wana kituo cha Ebrahim Haji. Zote zinapokea watu wa kila dini, ila nyingi ziko mjini na gharama zake si za mkulima wa Nanyumbu.

Umiliki unabana zaidi pale hospitali inapokuwa moja tu. Hospitali ya Kikatoliki haitoi vidonge, sindano wala vijiti vya uzazi wa mpango; inafundisha njia za asili, na ni haki yake kwa imani yake. Kama hospitali hiyo iko mjini na mtaa wa pili pana kituo cha afya cha serikali, hakuna tatizo. Kama ndiyo hospitali teule ya wilaya nzima, mama mwenye watoto saba aliyejifungua kwa upasuaji mara tatu anatawaliwa na fundisho ambalo pengine si la dini yake. Ufumbuzi uliopo ni wa kimya kimya: anaelekezwa zahanati ya serikali, au huduma ya mkoba inapita siku fulani karibu na pale. Unafanya kazi pale mtu mmoja anapokumbuka kumwambia. Asipokumbuka, haufanyi. Jambo kama hilo lingepaswa kuandikwa kwenye mkataba, lisiachwe kwenye kumbukumbu ya nesi wa zamu.

Sista mwenye mtandio

Kiswahili ndicho kitanda tunacholalia wote. Hospitali ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 katika Mbulu kwa kazi ya Walutheri wa Norwei, inalionyesha hili kuliko mahali pengine popote. Foleni yake ya wagonjwa wa nje inaweza kuwa na Muiraqw, ambaye lugha yake ni ya Kikushi. Mbarbaig, mwenye lugha ya Kiniloti. Mnyiramba, ambaye ni Mbantu. Na Mhadzabe, mwenye lugha ya vidoko isiyo na ndugu. Ni vigumu kupata sehemu nyingine Afrika ambapo familia za lugha zilizo mbali hivyo hukalia benchi moja. Bila Kiswahili, daktari angehitaji wakalimani wanne kabla ya kuuliza maumivu yalianza lini.

Lugha hiyo inabeba pia adabu inayofunika tofauti. Nesi kijana wa Kichaga akifika kitandani kwa bibi wa Kimakonde ataanza na shikamoo, na bibi ataitika marahaba hata kama ana dripu mikononi mwote. Baada ya hapo nesi si Mchaga tena. Ni mjukuu, na mjukuu anaweza kumgeuza bibi na kumbadilisha shuka. Utani wa makabila nao hufanya kazi. Mpare na Mchaga waliolazwa vitanda vinavyotazamana watataniana ubahili na uchu wa pesa mpaka wodi icheke, na Mzaramo atadai kumzika Msukuma kabla hajapona. Utani hutoa sumu ya neno kabila kwa kulitamka waziwazi.

Hata majina ya kazi yamevuka mipaka. Muuguzi wa kike tunamwita sista, neno lililotoka kwa watawa na wodi za Kiingereza. Leo Muislamu aliyejifunga mtandio mweupe huitwa sista na kuitika bila kusita. Neno limesahau lilikotoka, na huko ndiko kuzoeana.

Lakini Kiswahili nacho kina mahali kinapobana. Wapo bibi wa Kisukuma, wazee wa Kimaasai na akina mama wa Kibarbaig ambao Kiswahili chao ni cha sokoni: kinatosha kununua chumvi, hakitoshi kueleza uchafu unaotoka ukeni tangu mwezi uliopita. Nani anawakalimania? Mara nyingi ni mfanya usafi, mjukuu wa miaka 12, au mgonjwa wa kitanda cha jirani. Hapo siri ya mgonjwa inatoka, na mara nyingine maana inapotea njiani: mjukuu hawezi kutamka maneno ya bibi yake, anasema tu tumbo linauma. Mume akiwa ndiye mkalimani, mke hatasema kilichomleta. Tumejivunia Kiswahili kiasi cha kusahau kuweka mkalimani wa kuajiriwa mahali ambapo kila mtu anajua anahitajika.

Chungu, rosta na damu

Ingia hospitali yoyote ya mkoa saa sita mchana na utaona mafuriko ya ndugu wenye vyombo vya chakula na chupa za chai. Wageni hutuhurumia: nchi maskini, hospitali haiwezi kuwalisha wagonjwa wake. Ni kweli. Lakini umaskini huo umetuepusha na ugomvi mmoja mkubwa. Katika nchi hii kwa desturi anayechinja nyama ya hadhara ni Muislamu, ili wote wale. Desturi hiyo ikihojiwa huwaka moto: Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mabishano kuhusu nani achinje yalimalizika kwa mchungaji kuuawa. Wodini swali hilo halikupata nafasi ya kuulizwa, kwa sababu kila chungu kinatoka kwenye jiko la mwenyewe. Msabato asiyekula nguruwe wala kambare, Mhindu asiyegusa nyama, Muislamu anayetaka halali: kila mmoja analetewa chake. Kinachovuka kitanda ni ndizi, chungwa, na uji wa kumwonjesha jirani ambaye ndugu zake wako mbali. Hospitali zinazoanza kutoa chakula kwa mzabuni, ambalo ni jambo jema kwa lishe, zinapaswa kujua kwamba zinaingiza ndani swali ambalo mabakuli ya nyumbani yaliliacha getini.

Rosta ya zamu ni mkataba mwingine usioandikwa. Krismasi Muislamu anashika zamu. Idi Mkristo anarudisha deni. Msabato anaomba Jumamosi na kulipa kwa Jumapili mbili. Muuguzi mfawidhi mwenye hekima huijaza rosta akiwa na kalenda mbili mezani, na ya mwezi mwandamo akiiweka kwa penseli. Hili linakwenda vizuri mradi watumishi ni wa kutosha. Wodi yenye manesi watatu badala ya tisa haina cha kubadilishana, na hapo ndipo ruhusa ya kwenda Ijumaa inapogeuka kuwa ugomvi wa kidini, ilhali ni ugomvi wa ikama.

Damu ndiyo inayoonyesha mfumo bora kuliko yote. Zamani ndugu walichangia kwa ajili ya mgonjwa wao. Damu ilikuwa ya ukoo. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza miaka ya 2000, ulitaka damu itoke kwa wachangiaji wa hiari na kuingia benki moja. Mfuko una namba, kundi na tarehe. Hauna jina, kijiji wala dini. Mwanafunzi wa sekondari aliyechangia shuleni hatajua kama damu yake iliingia kwa padri au kwa shehe. Watumishi wa damu wanajua pia kwamba mwezi wa Ramadhani na likizo za shule benki hupungua. Na wapo Mashahidi wa Yehova wanaokataa kuongezewa damu hata ikiwa ni ya kuokoa maisha. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa, na daktari atamtafutia njia nyingine; mtoto mdogo ni kesi nyingine, na hospitali isiyo na utaratibu wa kesi hiyo itaujifunza saa nane usiku.

Benki ikikauka, tunarudi kulekule: "Mlete ndugu wawili wachangie." Mwenye ukoo mjini anapona haraka kuliko mgeni. Damu isiyo na kabila huwepo tu pale inapokuwepo ya kutosha.

Mochwari, mlango wa nyuma

Hakuna sehemu ya hospitali ambako mila hukutana uso kwa uso kama mochwari. Muislamu anataka mwili leo, azike kabla ya jua kuzama ikiwezekana, baada ya kuuosha na kuukafini. Mchaga na Mhaya wanataka mwili utunzwe siku kadhaa, mpaka ndugu wafike na gari lipatikane la kwenda nyumbani, kwa sababu kaburi liko kihambani au kibanjani, halipo Kinondoni. Mmoja anaomba kasi, mwingine anaomba muda, na wote wanazungumza na mhudumu mmoja mwenye ufunguo mmoja.

Hospitali inayojua kazi yake huwahudumia wote wawili bila kutafuta nani ana haki zaidi. Kinachohitajika ni friji inayofanya kazi kwa huyu, na daktari wa kusaini kibali cha mazishi Jumapili kwa yule. Vyote viwili ni vitu vya bajeti. Lakini daktari akiwa hayupo hadi Jumatatu, familia ya Kiislamu itaona kwamba imedharauliwa dini yake. Na bili ya hospitali ikizuia mwili, jambo ambalo serikali imelikemea zaidi ya mara moja, aliyezoea kuzika siku hiyo hiyo anaumia mara mbili.

Ugonjwa wa mlipuko huongeza ukali. Mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025 homa ya Marburg ilizuka mkoani Kagera. Mwili wa aliyekufa kwa Marburg unaambukiza, kwa hiyo kuosha, kukumbatia na kulala matanga kando ya mwili, mambo ambayo dini na mila nyingi zinayaheshimu, ghafla yakawa hatari. Hapo amri ya daktari pekee haitoshi. Anahitajika shehe wa kusema kwamba kuna namna ya kumstiri maiti bila kumgusa, na mchungaji wa kusimama mbali na kaburi bila kuona aibu, ili waumini wao wasiuone ukali wa kanuni kama chuki dhidi yao. Kiongozi wa dini aliyezoeana na hospitali kabla ya mlipuko ni chanjo ambayo haiuzwi dukani.

Mtu wa kwetu

Nimeacha kwa makusudi sehemu inayobana kuliko zote. Ukiwauliza Watanzania kama wamewahi kubaguliwa hospitalini kwa kabila lao, wengi watasema hapana. Waulize kama wamewahi kutafuta mtu wanayemjua ndani, na mikono yote itanyanyuka. Ukabila wetu wa hospitali hauvai chuki. Unavaa kujuana.

Foleni ni ndefu, kipimo ni kimoja, bingwa anakuja Jumanne. Unapiga simu: shemeji, pale hospitalini hatuna mtu? Anapatikana binamu wa jirani, wa kijiji kimoja, aliyesoma na dada yako shule ya misheni, au mnayeswali naye. Hakuna aliyemchukia mtu, umesaidiwa tu. Ila aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri na asiye na binamu amesogezwa nyuma na mtandao ambao, kwa namna tunavyozaliwa, kuoana na kusali, hufuata ukoo, kijiji na madhehebu. Zaidi ya hayo, mikoa iliyopata shule za misheni mapema, kama Kilimanjaro na Kagera, ilitoa wauguzi na madaktari wengi kwa miaka mingi, kwa hiyo kujuana hakukugawanywa sawa. Serikali ya Nyerere iliona tatizo hilo na kuweka mgao wa mikoa katika kuchagua wanafunzi wa sekondari. Ilikuwa dawa chungu, na wengi wa mikoa iliyotangulia waliilalamikia, lakini ilipunguza pengo.

Dawa nyingine ilikuwa kupanga watumishi kutoka makao makuu. Mhaya akatumwa Lindi, Mmakonde akapelekwa Shinyanga. Wengi walinung'unika, wakaoa huko, wakabaki. Ndugu zetu wa Kenya wamechukua njia nyingine: tangu ugatuzi wa 2013 kaunti ndizo zinazoajiri wahudumu wengi wa afya. Faida yake ni kwamba mgonjwa husikilizwa kwa lugha yake. Hasara wanaijua wenyewe, ndiyo maana sheria yao ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi. Ukitazama nchi hizi mbili kwa pamoja, unaona kwamba kila mfumo unanunua kitu kwa kupoteza kingine. Sisi tulinunua mchanganyiko na kulipa kwa mkalimani asiyekuwepo.

Kinachopunguza kujuana ni vitu vikavu visivyo na hotuba: namba ya foleni inayoonekana na wote, mfumo wa kompyuta unaoonyesha nani ameandikishwa saa ngapi, malipo ya control namba badala ya noti inayoteleza kiganjani, dirisha la dawa lenye orodha ya zilizopo. Huwezi kumwomba nesi aliyechoka asimsaidie ndugu yake. Unaweza kupunguza yale ambayo undugu unaweza kununua.

Swali lililokosekana

Turudi kwa yule mwanafunzi mwenye daftari. Ana sababu ya kuuliza. Dini humwambia nani aitwe mgonjwa akizidiwa, na kama atafunga Ramadhani akiwa na kisukari, jambo ambalo dini yenyewe imempa ruhusa ya kuliacha lakini wengi hawaliachi. Kabila humdokeza eneo la asili, na eneo hudokeza maradhi: selimundu, ambayo takriban watoto 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka, imekaa zaidi Pwani na kanda ya ziwa, ambako malaria ilikuwa nyumbani. Lakini dokezo si jibu. Mtoto wa Upanga ambaye babu yake alitoka Musoma na mama yake Tanga anaandikwa kabila la baba, na damu yake haisomi faili.

Ukiitazama vizuri orodha ile ya maswali, jina, umri, makazi, kazi, dini, kabila, utaona kuna moja halimo. Hakuna mahali pa kuuliza: unaongea lugha gani vizuri? Bibi wa Kisukuma ameandikwa Msukuma kwa herufi kubwa, na bado hakuna aliyejua kwamba hakuelewa alipoambiwa asile kabla ya upasuaji. Faili limejua ukoo wake wote, halikujua masikio yake. Asubuhi alipofikishwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji alikuwa ameshakunywa uji. Alipewa na jirani wa kitanda cha pili, kwa upendo, na hakuulizwa.